Mtutu wenye mifereji: mwongozo kamili kwa mwindaji wa Tanga kabla hajatoa pesa

"Shikamoo mjomba. Huu wa mistari si ndio imara zaidi? Kama bati la migongo?"

Aliyeuliza ni mtoto wa dada yangu, tumekaa barazani Ngamiani baada ya alasiri. Alikuwa ameshapata leseni yake ya kumiliki bunduki ya uwindaji, na sasa anachagua bunduki kwenye simu. Kiooni kulikuwa na mbili za kampuni moja na kaliba moja, bei mbalimbali. Ya kwanza mtutu wake laini. Ya pili mtutu umechongwa mifereji sita kwa nje, kuanzia mbele kidogo ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, hadi vidole vitatu kabla ya mdomo. Ile ya pili inapendeza, sikatai.

Nilimwambia mfano wa bati ni mzuri ila ameugeuza juu chini. Bati limekunjwa. Chuma ni kilekile chembamba, kimesukumwa huku na huku, hakuna hata gramu iliyotoka. Mtutu umechongwa. Kilichokuwa pale kwenye mfereji kimeanguka chini ya mashine, kimefagiwa, kimekwenda kwa wauza vyuma chakavu. Huwezi kutoa kitu ukasema umeongeza.

Basi mifereji inafanyiwa nini? Nimesimama mbele ya kerezo na mashine za kukata vyuma miaka mingi kabla sijastaafu, na bunduki nimezipenda tangu ujana, kwa hiyo jibu langu halikuwa fupi. Nimeliandika hapa kwa mpangilio wa hatua, kwa yeyote mwenye leseni anayesita kama alivyosita yule kijana.

Hatua ya 1: Jua unazungumzia mifereji ipi

Watu huchanganya mambo matatu. La kwanza ni misokoto iliyo ndani ya tundu la mtutu, ile inayoizungusha risasi ili iende imenyooka. Kila raifo inayo, na bila hiyo si raifo. La pili ni mifereji midogo ndani ya chemba, inayoonekana kwenye baadhi ya bunduki za kijeshi kama G3. Ile kazi yake ni kuruhusu gesi ya baruti ipite nje ya ganda, ganda lisigande ukutani wakati wa kutoka. Ganda likitoka lina mistari myeusi, mtu akadhani bunduki imeharibika.

La tatu ndilo letu: mifereji iliyochongwa juu ya ngozi ya nje ya mtutu. Haigusi risasi wala ganda. Mingine imenyooka, mingine inazunguka kama ukambaa uliosokotwa, mingine imekatwa vialmasi. Kama chuma kilichotoka ni kiasi kilekile na kina ni kilekile, tofauti ya mitindo hiyo ni sura na muda wa mashine, na muda wa mashine ndio unaoulipia.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya uzito na ukakamavu

Hapa ndipo penye nyama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tanga ni mji wa baiskeli, kila mtu ameishika fremu. Bomba la fremu ni tupu ndani na bado linabeba mtu na gunia la mkaa, kwa sababu chuma kinachozuia kupinda ni kile kilicho mbali na kitovu. Mtutu ni hivyohivyo. Ukakamavu wake unafuata kipenyo kwa kipeo cha nne: ukinenepesha kidogo tu unapata ukakamavu mwingi, ukipunguza kidogo tu unapoteza mwingi. Na mfereji unachongwa palepale penye chuma cha thamani zaidi, ngozi ya nje.

Tuchukue mfano niliomchorea kijana nyuma ya kalenda. Mtutu wa kaliba ya milimita 7.62, kipenyo cha nje milimita 20, tuchukulie ni mnyoofu bila kuchongoka ili hesabu isituchoshe. Chonga mifereji sita, kila mmoja nusu duara yenye upana wa milimita 4 na kina cha milimita 2. Unapata hivi:

Uzito wa sehemu iliyochongwa unapungua kwa asilimia 13 hadi 14. Ukakamavu wake unapungua kwa takriban asilimia 20. Yaani ukilinganisha na mtutu uleule kabla haujachongwa, umepoteza ukakamavu kwa kasi kuliko ulivyopoteza uzito. Anayekuambia mifereji "inakaza" mtutu, mwonyeshe hesabu hiyo.

Sasa lipo upande wa pili, na ni haki kulisema. Chukua mtutu laini ulio na uzito sawa na huo wa mifereji. Kipenyo chake kitakuwa kama milimita 18.8. Ukiupima ukakamavu, wa mifereji unaushinda. Kwa kiasi gani? Asilimia 3. Hapo ndipo ukweli wote wa sifa ya "mwepesi lakini imara" ulipo: upo, lakini ni asilimia 3 katika mfano huu. Mifereji ya kina zaidi kwenye mtutu mnene zaidi inaongeza kidogo, lakini haitageuza mwanzi kuwa nguzo.

Na gramu? Mifereji ikiwa na urefu wa sentimita 40, chuma kilichotoka ni kama gramu 113. Pakiti ya majani ya chai ya gramu 100 na vijiko vichache juu yake. Ukiona tangazo linalodai nusu kilo imetoka kwenye mtutu wa kawaida wa kuwindia kwa mifereji peke yake, tafuta mizani.

Kijana akaniuliza, basi mjomba mtu anayetaka bunduki nyepesi afanyeje? Nikamwambia achukue mtutu mfupi. Mtutu huohuo wa milimita 20, badala ya kuuchonga, ununue wenye urefu wa sentimita 56 badala ya 61. Sentimita 5 za chuma ni kama gramu 105, karibu sawa na mifereji yote sita. Ila ukakamavu wa mdomo unafuata urefu kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo mfupi unakuwa mgumu kupinda kwa karibu asilimia 29 zaidi. Unachopoteza ni kasi kidogo ya risasi, kama mita 15 kwa sekunde kwa kaliba ya .308, yaani ile ya milimita 7.62 ikitajwa kwa inchi, ambayo inatoka kwa mita 800 na kitu. Swala wa mita 120 hatajua tofauti. Wewe ndiye utakayejua, wakati wa kupenya kwenye vichaka vya miiba bunduki ikiwa begani.

Sijui kwa nini wauzaji hawalisemi hili mara nyingi. Labda kwa sababu mtutu mfupi haupigiki picha nzuri.

Hatua ya 3: Joto, na hadithi ya bodaboda

Hoja ya pili ya wapenda mifereji ni upoaji. Hoja hii ina ukweli nusu.

Tazama injini ya bodaboda. Silinda imezungukwa na mapezi marefu, membamba, yaliyosimama nje, na pikipiki ikitembea upepo unapita katikati yake. Mapezi yale yanaongeza eneo la kugusana na hewa mara nyingi. Mifereji ya mtutu wetu wa mfano inaongeza eneo kwa kama asilimia 18 tu, na mtutu haukimbii barabarani, umelala juu ya mfuko wa mchanga.

Utapoa haraka zaidi, ndiyo. Lakini kumbuka chuma kimepungua. Chuma kidogo hupanda joto haraka: kwa risasi ileile, sehemu iliyochongwa itapanda joto kama asilimia 15 zaidi ya ile isiyochongwa. Kwa hiyo unapanda haraka na unashuka haraka. Kwa mtu wa shabaha anayepiga risasi 10 mfululizo kisha anapumzika robo saa, kushuka haraka kunamfaa: anasubiri kidogo, na mazigazi ya joto mbele ya darubini yanatulia mapema. Kwa mwindaji anayepiga risasi moja asubuhi, labda ya pili ya kumalizia, hoja ya joto haimhusu kabisa. Mtutu wake hautapata moto hata wa kumfanya aushike na kuuachia.

Hatua ya 4: Jiulize utaibebaje, na nini kitakuwa mbele yake

Mwenye gari anayeshuka na kupiga kutoka kwenye kijiti cha kuegemea hana haja ya kukata gramu. Uzito mbele unamsaidia: mdomo hautikisiki kwa kila pumzi. Anayetembea kutwa nzima vilima vya Kilindi au nyika za Mkinga, kila gramu ya mbele anaihisi kwenye bega la kushoto saa nane mchana. Huyo ninamwelewa akitaka mifereji, hasa kama mtutu anaoupenda ni mnene na hauuzwi mfupi.

Kwa wanyama hatari kama nyati, ambao hapa kwetu huwezi kuwaendea na kaliba chini ya .375 (hiyo nayo ni inchi), ushauri wangu ni mkali zaidi: usilipie mifereji. Teke la bunduki linaongezeka uzito unavyopungua, na bunduki ya .375 tayari inapiga teke la kukukumbusha majina ya babu zako. Gramu 110 hazibadilishi sana, lakini kwa nini ulipe zaidi ili upigwe zaidi? Mtutu wa .375 una tundu kubwa pia, ukuta uliobaki chini ya mfereji ni mwembamba kuliko wa .308 wenye unene uleule wa nje.

Na kwa kuwa nimetaja kuwinda: Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Bunduki haina kazi huko hata kama nyumba yenu ipo kando ya mpaka. Kuwinda ni kwenye maeneo yaliyoruhusiwa na kwa kibali, basi.

Hatua ya 5: Uliza umechongwa lini, na ndani umetengenezwaje

Swali hili wauzaji wengi hawalitegemei, kwa hiyo ukiliuliza utajua haraka kama anayekuuzia anajua anachouza.

Misokoto ya ndani hutengenezwa kwa njia tatu kuu. Kuna kukata, ambapo kisu kidogo kinapita ndani mara nyingi na kila mara kinakwangua kiasi kidogo mno. Kuna kitufe kigumu cha kabidi kinachosukumwa au kuvutwa ndani ya tundu na kupiga chapa ya misokoto kwa nguvu. Na kuna nyundo zinazogonga mtutu kwa nje ukiwa umevishwa juu ya kalibu, fimbo ngumu yenye umbo la misokoto. Njia mbili za mwisho zinaacha mikazo iliyojificha ndani ya chuma, kama ubao mbichi uliofungwa kwa kamba. Kiwanda makini hupasha mtutu moto katika tanuri, kwenye nyuzijoto 600 hivi kwa vyuma vya kromu na molibdeni, kisha huupoza polepole ili mikazo ilegee.

Sasa fikiria mtu anachukua mtutu wa kitufe ambao haukutulizwa vizuri, anauchonga mifereji baada ya tundu kukamilika. Ubao umefunguliwa kamba upande mmoja. Tundu linaweza kutanuka kidogo mno chini ya kila mfereji, mahali pengine likabaki lilivyo. Huioni kwa macho. Unaiona kwenye karatasi, wakati mtutu ukipata joto na risasi zinaanza kutembea kuelekea upande mmoja.

Kwa hiyo maswali ni haya: Mifereji ilikatwa na mtengeneza mtutu mwenyewe au na karakana nyingine baadaye? Mtutu ulitulizwa kwa joto kabla ya kukatwa? Tundu lilisuguliwa la mwisho kabla au baada ya mifereji? Jibu zuri ni "mtengenezaji mwenyewe, ndiyo, na baada". Jibu la "hizi zote ni sawa tu mzee" ni sababu ya kuaga.

Hili linanipeleka kwenye jambo ninaloombwa mara kwa mara na ninalokataa kila mara: "Wewe una ndugu mwenye mashine, tuchongee." Hapana. Mtutu wa .308 unakutana na shinikizo linalofika bar 4150 kwenye chemba kwa viwango vya Ulaya. Linashuka kadiri risasi inavyokwenda mbele, ndiyo maana mifereji haianzii kwenye chemba, lakini si jambo la kubahatisha na kisu kibutu na mtutu uliobanwa vibaya. Na kisheria, tangu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, silaha yako inaishi kwenye leseni na namba yake. Mtutu ukibadilishwa au kufanyiwa kazi, ufanywe na fundi wa silaha mwenye kibali na polisi wawe wanajua. Nimeshaona mtu mwenye nia njema kabisa akijieleza kituoni nusu siku kwa sababu ya namba iliyosuguliwa na msasa.

Hatua ya 6: Ukague mkononi kabla ya kulipa

Bunduki iwe tupu. Fungua bolti, tazama chemba, ingiza kidole, tazama tena. Mdomo uelekee mahali salama muda wote.

Toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha, angalia ndani kutoka nyuma. Pete za kivuli ndani ya tundu zinapaswa kuwa duara, moja ndani ya nyingine, bila kupinda. Kisha pitisha ukucha ndani ya kila mfereji, kuanzia nyuma hadi mbele. Ukucha ukikwaruza kama unapita kwenye kitana, kisu kilitetemeka wakati wa kukata, na kazi ile ilikuwa ya haraka. Mwanzo na mwisho wa mfereji uwe umeinuka polepole kama ufuko, usiwe ukuta uliosimama wima. Kona kali hukusanya mkazo, na hukusanya uchafu.

Ukiwa na kalipa, kile kipimo cha fundi cha kupimia unene, fanya hivi. Mtutu wa mifereji sita una jozi tatu zinazotazamana. Pima kutoka chini ya mfereji mmoja hadi chini ya ule wa upande wa pili, umbali uleule kutoka mdomoni, jozi zote tatu. Zikipishana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, mimi huuliza maswali. Mtutu ambao upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine hupata joto bila usawa, na chuma kisichopata joto kwa usawa hupinda.

Mwisho, pitisha noti ya shilingi 2,000 kati ya mtutu na mbao ya mbele, kutoka mdomoni kurudi nyuma. Kama mtutu umetengenezwa kuelea, yaani usiguse mbao, noti ipite bila kukwama. Hili si la mifereji peke yake, lakini litakusaidia hatua inayofuata, usije ukaulaumu mfereji kwa kosa la mbao. Kitako cha mbao wakati wa masika hapa Tanga huvimba kiasi cha kuugusa mtutu ambao mwezi wa kwanza ulikuwa unaelea vizuri tu.

Hatua ya 7: Ujaribu kwenye karatasi

Nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, vaa vizibo vya masikio, weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, karatasi mita 100.

Karatasi ya kwanza ni ya mtutu wa baridi. Piga risasi moja, fungua bolti, subiri dakika 10 kivulini, piga ya pili, hivyohivyo hadi tano. Inachosha. Chukua chai.

Karatasi ya pili ni ya mtutu wa moto. Piga tano kwa kupishana nusu dakika, bila kungoja. Kisha uache mtutu upoe kabisa na urudie karatasi zote mbili. Jumla ni risasi 20, si bei ndogo, lakini ni nafuu kuliko kugundua porini.

Usitazame ukubwa wa kundi la matundu kwanza. Tazama kitovu chake. Kitovu cha karatasi ya moto kikiwa palepale na cha baridi, au kimepishana kwa sentimita moja hivi, mtutu wako umetulia, mifereji au hakuna. Kikihama zaidi ya sentimita 3, na siku zote upande uleule, mtutu unatembea. Rudia jaribio la noti kwanza. Kama mbao haigusi na skrubu za darubini zimekazwa, basi mikazo ya hatua ya 5 ndiyo inayozungumza. Na wasikudanganye kwa kundi la risasi tatu. Kwa risasi tatu hata bunduki mbovu hubahatika.

Hatua ya 8: Chumvi

Sasa tufike kwenye sababu inayonifanya niwe mgumu kuliko wanaoandika kutoka nchi za baridi. Wao wanahesabu gramu. Sisi tunaishi kwenye upepo wa bahari.

Tanga tunasema "waja leo waondoka leo", lakini kutu ikija haiondoki leo wala kesho. Jamaa yangu mmoja alirudi kutoka safari ya upande wa Pangani, mvua za vuli zimemkuta njiani. Akaipangusa bunduki yake kwa kitambaa chenye mafuta, akaiweka kwenye begi lake la sponji, akafunga zipu, akaenda kwenye msiba Korogwe. Siku tisa. Alipofungua, mgongo wa mtutu ulikuwa unang'aa kama alivyouacha. Ndani ya mifereji yote sita kulikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, ulionyooka kama umechorwa kwa rula. Kitambaa kilipita juu, hakikuingia chini. Sponji ikashika unyevu, na jasho la mkono, ambalo nalo ni chumvi, likakaa pale likila.

Akasema lakini huu ni chuma kisichoshika kutu, mjomba. Hapo kuna salamu ndefu. Sinki la jikoni lina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Chuma cha mitutu kinachoitwa 416R kina kromiamu kama asilimia 12, na kimetiwa salfa ili kikatike vizuri kwenye mashine. Kinachelewa kushika kutu, hakikatai. Hapa pwani kinachelewa kidogo tu.

Utaratibu wangu kwa mtutu wa mifereji ni huu, na hauruki hatua.

Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, inayeyuka kwenye maji. Kwa hiyo kwanza futa mtutu kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji ya bomba, ukikikunja ncha na kuipitisha ndani ya kila mfereji kivyake. Ukimaliza mifereji mitatu, badilisha upande wa kitambaa. Kausha kwa kitambaa kikavu, kisha acha bunduki mahali penye hewa robo saa. Ndipo mafuta. Tumia mswaki wa meno wa zamani, wenye nywele laini, upake mafuta ya bunduki ndani ya mfereji kutoka nyuma kwenda mbele, ukizingatia pale mfereji unapoishia, maana ndipo maji hujikusanya bunduki ikisimama. Pangusa ya ziada. Mafuta mengi yanakamata vumbi na mbegu za nyasi, na mchanganyiko huo ni sponji nyingine.

Tundu la ndani lisafishwe kwa mdeki, ule ufito wa kusafishia, kutoka upande wa chemba, kama bunduki yoyote. Mifereji haina shauri huko.

Usihifadhi kwenye begi. Bunduki isimame kwenye kabati la chuma lililofungwa, na pakiti za kukausha unyevu ndani, zile ndogo zinazokuja na viatu zinasaidia ukizikusanya nyingi na kuzibadilisha. Wakati wa kusi na masika ikague kila wiki. Kiangazi, kila wiki mbili. Mtutu laini naupangusa dakika mbili. Wa mifereji unanila dakika kumi na tano, nimepima kwa saa. Kwa mwaka mzima hesabu mwenyewe.

Mistari ile myekundu ya jamaa yangu niliiondoa kwa mafuta na sufi laini ya shaba nyeupe, taratibu, jioni mbili. Ilitoka, lakini iliacha vishimo vidogo kama mdomo wa sindano, na vishimo ndivyo nyumba ya kutu inayofuata.

Nani basi achukue?

Nikiulizwa kwa mkato: mpiga shabaha anayetaka mtutu mnene lakini mizani ya mashindano inambana uzito, achukue, kutoka kwa mtengenezaji anayejibu maswali ya hatua ya 5. Mwindaji wa miguu mwenye subira ya mswaki, anaweza. Mwenye .375, hapana. Mwenye bunduki moja tu, anayeitumia mara tano kwa mwaka na kuiacha kabatini mita mia tano kutoka baharini, Raskazone au Chumbageni, hapana kabisa. Na anayependa tu sura yake, nunua kwa furaha, pesa ni zako. Ila ujue umenunua pambo, usije ukawaambia watu kibarazani umenunua ukakamavu. Wahenga walishasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mtoto wa dada alichukua ule laini, wenye sentimita 56. Tofauti ya bei ikaingia kwenye darubini na visanduku viwili vya risasi za kujaribia. Kundi lake la mtutu wa moto halikuhama hata sentimita moja. Lakini juzi nilimkuta ukumbini, simu mkononi, picha ya ule wa mistari imekuzwa imejaa kioo. Nikajifanya sikuona.